Tanuru la Makala pale Muheto

Vita vilipotufungia njia ya shamba la maharagwe, bwana yangu alikata mikaratusi ambayo baba yake aliipanda nyuma ya nyumba yetu ya Muheto. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza. Aliipanga miti, akaifunika majani na udongo, akaacha matundu madogo chini, kisha akaiwasha iwe makala, makaa ya kupikia.

Kwanza ulitoka moshi mweupe, mzito, maji ya kuni hayo. Baadaye ukageuka wa manjano. Huo ulichoma macho na kukaba koo, na kwenye matundu yakachuruzika mafuta meusi yanayonata. Moshi wa namna hiyo wenyewe unaweza kushika moto, kwa hiyo tuliwakataza watoto kupita karibu. Mwishowe ukawa mwembamba, wa buluu. Makala yalikuwa karibu kuiva, na hapo hewa ikiingia, yote yanakuwa majivu.

Lakini kuni zikiisha kutoa moshi zinasinyaa. Ndani panabaki uwazi, na udongo unakaa juu yake bila kushikiliwa na kitu. Asubuhi hiyo ufa ulifunguka juu ya tanuru, moto ukachungulia. Bwana yangu akachukua jembe, akapanda juu kuuziba.

"Papa, shuka!" nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, kama watoto wetu. "Tupa udongo kutoka pembeni."

"Hautafika. Huku iko nguvu, usiogope."

Akapiga hatua, na mguu wa kuume ukazama mpaka pajani. Alinitazama tu, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Nilimvuta kwa makwapa mpaka jirani akaja tukamtoa. Tulimpeleka kwa pikipiki hadi hospitali ya Kirotshe, mimi nyuma nimemkumbatia, harufu ya nyama yake puani mwangu. Wakamkata mguu juu ya goti.

Niliporudi kuchukua nguo, nilikuta lile shimo bado wazi. Hakuna aliyethubutu kulifunika. Ndani mlikuwa na majivu meupe, laini.

"Makala iliiva?" aliniuliza kitandani.

"Hapana, Papa. Yote iliungua."

Akageukia ukuta. Siku hiyo hakula.

Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa magongo. Njia ya shamba haijafunguka. Miti iliyobaki ninaichoma mimi, katika matanuru madogo ninayoweza kuyafikia kwa jembe nikiwa chini. Moshi ukianza, yeye anafunga dirisha, hata kukiwa na joto.