Baiskeli Isiyobeba Kitu

Daktari aliniambia nina sukari kwa sauti ile ile ambayo fundi gari hutumia kukwambia injini yako inakula oili. Hakushangaa wala hakunilaumu. Alitaka tu nijue kwamba ameshaona wengi. Akasema nifanye mazoezi, nitembee au niendeshe baiskeli. Kutembea kutoka Ilala hadi ofisini Kivukoni kwa jua letu hili niliona ni ugonjwa mwingine, kwa hiyo nikachagua baiskeli.

Nyumbani mke wangu alikuwa anakata nyanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Barabara gani?"

"Uhuru."

Akaweka kisu chini. Mke wangu ana duka la mapazia Kariakoo na huendesha gari kwenye barabara hiyo hiyo kila asubuhi, kwa haraka ya mtu ambaye mzigo wake umeshafika na wabebaji wanamsubiri. Anaijua vizuri kuliko mimi.

"Sawa," akasema. "Lakini siku ukiguswa na gari, hata kidogo tu, hiyo baiskeli inatoka humu ndani. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Niliahidi upesi, kama watu wanavyoahidi mambo ambayo hawatarajii kuyafanya.

Mimi ni mtu niliyesoma, kwa hiyo kabla ya kupanda baiskeli nilisoma kuhusu baiskeli. Matokeo yake nilirudi kutoka Kariakoo na baiskeli ya mtumba ya Kijapani yenye kikapu mbele, helmeti, kizibao cha rifleta cha rangi ya limau, glavu zisizo na vidole, miwani ya kuzuia vumbi, na taa nyekundu ya kumemeta nyuma. Nilipojitazama kwenye kioo nilifanana na mtu anayekwenda kurekebisha nguzo ya umeme. Mke wangu alinizunguka mara moja, akasema, "Angalau utaonekana."

Nilionekana, kwa kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua anaona nini. Mjini kwetu baiskeli ina kazi. Inabeba mikate, inabeba maji, inabeba samaki kutoka soko la Feri ndani ya tenga linalochuruzika. Anayeiendesha amevaa ndala na shati lililofunguka vifungo, na kila mtu anamwelewa, hata anayemtukana. Mzee mwenye tumbo, amevaa kama zimamoto, nyuma ya baiskeli hakuna kitu, huyo haeleweki. Bodaboda wa kijiweni pale Karume walinisalimia kila siku, "Shikamoo mzee! Mashindano yalikuwa jana!" Nikijibu marahaba wanacheka zaidi. Mara nikiwa nimesimama kupumua karibu na Mnazi Mmoja, dereva mmoja alishusha kioo akaniuliza hapa ushuru wa maegesho ni bei gani.

Kicheko nilikizoea. Ambacho sikukizoea ni honi. Gari likiwa nyuma yako na hujui liko umbali gani, honi inaingia mgongoni, si masikioni. Kisha linapita karibu mpaka unahisi joto la injini kwenye goti, na dereva hata hakutazami. Nilikuwa nimeamini helmeti itawafanya waniheshimu. Nadhani iliwafanya waone nimeshajikinga, kwa hiyo jukumu limebaki kwangu.

Silaha niliyokuja kuitegemea haikuuzwa dukani. Ukikaa Kariakoo utaona wasukuma mikokoteni na wenye baiskeli wakibanwa na gari hawapigi kelele, wanapiga bodi. Kiganja kimoja wazi, pah, kwenye ubavu wa gari, kama konda anavyompigia dereva wake asimame. Gari linasimama, kwa sababu kila dereva wa mji huu, hata mwenye kiyoyozi, mguu wake umeshajifunza sauti hiyo. Ni salamu na ni tusi pia, inategemea umepiga kwa nguvu gani. Mimi nilianza kwa kugonga kama mtu anayebisha hodi. Baada ya wiki chache nilikuwa napiga vizuri, na niseme ukweli, nilikuwa napenda.

Jioni, mezani, tulikuwa vyama viwili. Mimi nilileta habari za madereva, yeye za waendesha baiskeli.

"Leo mmoja ametoka Mtaa wa Kongo bila kutazama," alisema. "Ana kreti za soda hadi hapa. Nimefunga breki mpaka vitambaa vyote vimekuja mbele."

"Labda alikutazama akaona hutampisha."

"Nimpishe vipi na nyuma yangu kuna lori? Hawa watu wanadhani barabara ni ya mama yao."

"Hawa watu, mimi nimo?"

"Wewe ni mgonjwa," akasema, akanisukumia bakuli la mchicha. "Wewe ni tofauti."

Tulicheka. Nilivyoona mimi ulikuwa utani wa nyumbani, wa kusindikizia chakula.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Gari letu lilikuwa gereji, na mke wangu alikuwa ametangulia kutoka. Nilipokaribia makutano ya Msimbazi nilikuta kirikuu la mizigo limeegeshwa kushoto likishusha mabalo ya nguo, na watu wamejaa hadi nje ya ukingo. Nikatoka kidogo kulia kulipita. Honi ikaja nyuma, ndefu, ya mtu aliyeegemea usukani. Sikuwa na pa kwenda. Kushoto kirikuu, mbele mtu na balo kichwani. Gari jeupe likajipenyeza, saitimira yake, kile kioo cha pembeni, ikanigonga kiwiko, baiskeli ikayumba, na mguu wangu ukapata ardhi kwa bahati tu. Sikuwaza. Nikapiga bodi. Sikupiga kama mtu wa hodi.

Gari likasimama. Kioo cha upande wangu kikashuka na sauti ikatoka kabla ya uso.

"We mzee, una wazimu? Gari la watu unapiga kama ngoma! Hujafundishwa adabu kwenu?"

"Umenigonga, mama!" nikapiga kelele. "Huoni? Huna macho?"

Aliinama kunitazama kupitia kiti cha abiria, mdomo bado wazi. Mimi nikavua miwani, maana ilikuwa imejaa jasho, nikamwona ni mke wangu, kwenye gari la dada yake.

Watu walikuwa wameshajaa. Kariakoo ugomvi haukosi wasuluhishi. Muuza chaja za simu aliegemea dirishani akasema, "Mama, msamehe bure. Mzee wa watu amechoka huyu." Mbeba mzigo akanigeukia, balo bado kichwani: "Na wewe mzee wangu, si upande basi la mwendokasi tu? Umri huu baiskeli ya nini?"

"Huyu ni mume wangu," mke wangu akasema.

Hakuna aliyeamini. Kisha wakaamini, na kicheko kikaenda hadi ng'ambo ya barabara.

"Aisee! Sasa mama, kama barabarani unamgonga hivi, nyumbani inakuwaje?"

"Mzee, nenda kwao ukarudishiwe mahari yako!"

"Basi, basi, yaishe. Nendeni mkayamalize chumbani."

Hata mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na gari limezimika.

Jioni alinikanda kiwiko kwa maji ya moto. Nilikuwa nimejiandaa siku nzima. Mtu aliyesoma huwa na hoja, na yangu ilikuwa nzuri: ahadi ilihusu kuguswa na gari, kwa maana ya madereva wabaya, hao wengine, haiwezekani mwenye kuniwekea sharti awe ndiye aliyelivunja. Nikaitoa. Nikaiongezea mzaha kidogo.

Alikamua kitambaa.

"Uliguswa," akasema.

"Niliguswa na wewe."

"Ndiyo nakwambia." Hakuinua macho. "Kile kizibao nimekifua mimi. Ile helmeti naitundika mimi kila siku nikifagia. Nimekukuta mbele yangu, mchana kweupe, nikaona baiskeli. Sikuona mtu, baba watoto. Nikasema moyoni, huyu naye, na nikakanyaga mafuta. Haikuwa bahati mbaya. Nilikanyaga." Maji yalikuwa yamepoa lakini aliendelea kunikanda. "Sasa kama mimi ninayelala na wewe sikukuona, hao wengine watakuona?"

Nilikuwa na majibu mengi kuhusu njia za baiskeli na upana wa barabara, yote sahihi, na hakuna hata moja lililohusu alichokisema.

Baiskeli haikuuzwa, ila ilitoka ndani kama tulivyokubaliana. Iko uani, na kikapuni mwake vinakaa vibanio vya nguo. Sukari naishughulikia kwa miguu: saa ya chakula cha mchana natoka ofisini na kuzunguka Mnazi Mmoja nikiwa na shati na tai, na hakuna anayenitazama mara mbili. Asubuhi napanda gari na mke wangu.

Yeye ndiye aliyebadilika barabarani, na si kwa namna inayonifurahisha. Zamani alikuwa anapita kila kitu. Sasa akikuta baiskeli mbele yake hawezi kuipita. Anapunguza mwendo, anakaa nyuma yake, shingo ameinyoosha, vidole vimekaza usukani. Jasho linamtoka na kiyoyozi kinafanya kazi. Nimemwambia aende kwa daktari, amesema daktari atamwambia nini, anunue helmeti?

Juzi alikuwa mtu wa samaki, amepakia matenga mawili, anapanda Uhuru taratibu huku baiskeli ikilalamika. Nafasi ya kumpita ilikuwepo, hata lori lingepita. Nyuma yetu honi zilikuwa zimeanza, kwanza moja, kisha zote, na nilizihisi mgongoni kama zamani. Nikatazama saa. Nilikuwa na kikao.

"Mpite basi," nikasema. "Tunachelewa."

Hakunigeukia. Mtu wa samaki alikuwa amesimama kwenye pedali, mgongo umelowa, kichwa ameinamisha.

"Bado sijamwona uso," akasema.