Vinyuzi kwenye mwani wa shangazi

Leo nimempigia simu shangazi yangu.

Mimi nafanya kazi maabara hapa mjini. Shangazi, Bi Mwanaidi, analima mwani kule pwani ya Makunduchi. Miaka yote analalamika kuwa mwani unamdhuru: mikono inamwasha, inatoka malengelenge, macho yanamchoma. Mimi, msomi wa ukoo, nikamwambia ni sabuni anayofulia. Wengine walimwita mvivu.

Juzi akanipa chupa. "Chukua hivi vinyuzi vinavyoota kwenye mwani. Kavipime."

Nilivipima ili anyamaze tu.

Mashine yetu inapima uzito wa kila kemikali iliyomo, halafu inaivunja tuone vipande vyake. Asubuhi hii mstari ukapanda kwenye skrini. Uzito ule ule na vipande vile vile vya sumu tunayoijua, ya bakteria wanaoota kama nyuzi baharini. Sumu hiyo inababua ngozi.

Nikarudia kipimo. Jibu halikubadilika.

Nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Si sabuni. Ni sumu, imo kwenye vile vinyuzi."

Kisha akasema, "Ngoja niweke sauti kubwa. Sema tena, wakulima wenzangu wasikie."

Nikasema tena. Nikasikia wanawake wanaulizana, na mmoja wao analia.

Shangazi akarudi kwenye simu, taratibu kabisa.

"Mwanangu, nshakwambia mara ngapi?"

Jamani, nyie mngemjibu nini?