Mfuko Unaomeza Kenke Nzima

Saa moja asubuhi, jijini Accra. Naa Amerley Quaye anafungua chumba cha ushonaji nyuma ya jiko la hospitali ya kufundishia madaktari, anaweka juu ya meza kenke ya moto, donge la unga wa mahindi uliochachushwa na kupikwa ndani ya maganda. Haili bado. Ana kazi nayo.

Anavuta koti jeupe la mwanafunzi, anaishika kenke na maganda yake ya mahindi, anaitumbukiza mfukoni. Nusu nzima inachungulia nje.

"Umeona? Huu mfuko ni wa kutia vidole ukisikia baridi. Accra baridi iko wapi?"

Anaufumua.

Amerley, mwenye miaka hamsini na tisa, alirithi cherehani ya chumba hiki kwa mama yake, Awo Shormeh; "Awo" ni "mama" kwa Kiga. Zamani madaktari wa hapa walisomea ng'ambo, wakarudi na makoti ya huko huko. Shule ya udaktari ilipofunguliwa hospitalini, ndipo Awo Shormeh akaambiwa awashonee wanafunzi wa kwanza.

"Mama alishona mifuko midogo kama ya kwenye picha aliyopewa. Basi siku moja raundi ya wodi ikapita saa ya kula, mwanafunzi akaanguka puu kwa njaa kando ya kitanda. Mgonjwa ndiye aliyeinuka kumpepea!" Amerley anacheka mpaka anashika meza. "Mama akasema, hawa wanangu hawatakufa njaa wakijifunza kuponya watu. Akaongeza kina."

Tangu hapo mfuko wa kulia ukawa wa kenke, wa kushoto wa samaki wa kukaanga, akifungwa vizuri. Siku hizi mji una hospitali za kufundishia zaidi ya moja, na wenzao huko huwatania wa hapa kwamba hutambulikana kwa mfuko unaoning'inia.

Mwaka huu uongozi uliamua kununua makoti yaliyoshonwa tayari. Chumba kiwe stoo. Amerley apelekwe kukunja shuka, na Korkoi Ankrah, mama wa watoto wawili ambaye Amerley anamfundisha kazi, arudi nyumbani.

"Kukunja shuka si kazi mbaya," anasema. "Lakini mkono uliozoea sindano, ukiunyima sindano unazeeka. Na huyu Korkoi ningemwambia nini?"

Ikaja sherehe ya kuvaa makoti. Selorm Agbeko, mmoja wa wanafunzi wanaoanza kuingia wodini, aliinama kumsalimu Profesa Lantei Okine. Kenke ikachomoka kwenye mfuko mfupi wa koti lake la kununuliwa, ikabingirika sakafuni, ikatua kwenye kiatu cha profesa.

Profesa akaiokota.

"Kijana, hii yako?"

"Ya mgonjwa, Prof."

"Mgonjwa gani?"

"Mimi, Prof. Naumwa njaa."

Watu wakaangua kicheko. Profesa, ambaye naye alisomea hapa, akaitia kenke kwenye mfuko wa koti lake la zamani. Ikazama yote.

"Hili alinishonea Awo Shormeh," akasema. "Haya yenu kashona nani?"

Akaupigapiga mfuko wake.

"Kenke hairudi. Ni ada ya somo."

Selorm anasimulia huku akitikisa kichwa. "Nilishinda njaa siku ile. Lakini Awo Amerley amebaki, basi simdai mtu."

Wiki iliyofuata uongozi ulibadili kauli. Makoti yaliyokwisha kununuliwa yaletwe kwa Amerley, ayatie mifuko. Na mwakani, Korkoi akiwa ameiva, yote yashonwe humu humu.

"Nataka cherehani ya pili tu," Amerley anasema. "Mimi hapa, Korkoi pale dirishani. Nikistaafu niache watu wanaojua kwa nini mfuko ni mrefu."

Saa sita inakaribia. Korkoi anainua shingo.

"Awo, kipimo kimepoa!"

"Shona, mlafi wewe."

"Pilipili ninayo."

Amerley anatumbukiza kenke kwenye mfuko mpya. Inazama, haionekani. Anaupigapiga mfuko kwa kiganja, anaridhika, anaitoa.

"Haya, lete pilipili. Tule kipimo. Kesho tutanunua kingine."