Nilivyoitwa mbele ya wajumbe kumruhusu mke wangu agombee udiwani

Wakuu, habari za muda huu.

Nakaa Tunduma, napika ugali na kuku wa kienyeji pale malori yanaposubiri kuvuka kwenda Zambia. Haya yamenikuta mwenyewe, na walioshuhudia wamo humu, nikitia chumvi watanisuta.

Mke wangu, Mama Neema, ananunua mahindi Msangano na kuyauza mpakani. Mwaka wa uchaguzi akaniambia anachukua fomu ya udiwani.

Moyoni nilichekelea kama vile nimeteuliwa mimi.

Kwenye kura za maoni za chama walikuwa wawili tu, yeye na jamaa mmoja wa vifaa vya ujenzi, tumwite Bosi. Mama Neema alishawahi kugombea akaangushwa. Akasema safari hii akishindwa, basi tena, hagombei maisha. Kwa hiyo haikuwa mchezo.

Sasa huku kwetu kuna kautaratibu. Mgombea akiwa mwanamke aliyeolewa, mume anaitwa mbele aseme kama amemruhusu.

Niwe mkweli, nililisubiri hilo kwa hamu, maana alipogombea mara ya kwanza nilikuwa safarini. Nikanunua suti ya mtumba, nikafanya mazoezi mbele ya kioo siku tatu. Mke wangu ananiangalia tu, anaendelea kuhesabu magunia yake.

Siku ya mkutano msimamizi akaniita. Nikaenda kwa mbwembwe, nikashika maiki, nikatoa sauti ya kichungaji.

"Ndugu wajumbe, mimi kama kichwa cha nyumba, nimemruhusu."

Makofi. Nikajua kazi imeisha.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Baba Neema, mama akishinda vikao ni kila siku. Nyumbani atapika nani?"

Wakuu, yule mzee ni mteja wangu. Supu ya asubuhi kwangu, ugali wa mchana kwangu.

"Mzee wangu, leo supu umekunywa wapi?"

"Kwako."

Ukumbi wote ukaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akavua kofia.

Nikarudi kukaa najiona shujaa. Mara nikasikia wajumbe wawili nyuma yangu wananong'ona. "Kumbe hata nyumbani mwanaume ndiye anapika. Mwanamke gani huyo, kata ataiweza?"

Furaha yote ikaniisha. Nimeleta utani wangu, kumbe namharibia mke wangu mbele ya watu wanaopiga kura. Niliogopa kweli.

Ikafika zamu yake. Hakunitetea wala hakununa.

"Utaratibu huu wa ruhusa ni mzuri," akasema. "Naomba na mwenzangu mke wake aulizwe. Yumo humu ndani, na ni mjumbe."

Msimamizi akasita, lakini wanawake wakaanza kupiga makofi na hawakuacha, ikabidi akubali. Bosi akatoa kitambaa akawa anajifuta jasho.

Mkewe akasimama taratibu. Ni mama mpole, mtu wa Ileje, sauti yenyewe ya chini. "Mimi habari ya fomu nimeisikia sokoni. Nyumbani hajaniambia."

Msimamizi akababaika. "Kwa hiyo mama, umemruhusu?"

"Bado nafikiria."

Aisee. Kuna mjumbe alidondoka kwenye benchi. Mimi nilicheka mpaka kishikizo cha suti kikakatika, na hata wale wawili wa nyuma yangu walikuwa wanafuta machozi.

Kura zikahesabiwa. Mama Neema kashinda kwa kura moja.

Moja, wakuu. Kura ni siri na mimi sisemi kitu. Ila wakati tunatoka nilimwona mke wa Bosi akimpa mke wangu mkono, na hawakuachiana haraka.

Njiani nikamwambia mke wangu na mimi nimechangia ushindi. Akacheka mpaka akasimama barabarani.

"Baba Neema, ile ruhusa uliyoitoa ulipewa na nani?"

Hilo ndilo fundisho langu, nilivaa suti nikaenda kugawa kitu ambacho hakikuwa changu, na watu wakanipigia makofi.

Haya, wanaume ambao wake zenu waligombea, na nyie mliitwa mbele? Mlisema nini? Akina mama, tupeni na za kwenu.

Na Bosi, kama umo humu, tuambie kama shemeji ameshamaliza kufikiria.