Macho ya Mama Kariuki

Nikiwa mtoto, wakati cucu, yaani nyanya yangu, bado ananiita mume wake kwa utani mbele ya watu na mimi sioni aibu, nilikaribia kufa kwa sababu mwanamke mmoja aliniangalia nikinywa uji. Hivyo ndivyo mlivyosikia kama mlizaliwa upande wetu wa Naro Moru. Kama hamkusikia, sikilizeni kwangu, maana mdomo uliovimba ni huu huu ninaoutumia.

Kwanza mnijue. Mimi ni mbeba mizigo wa wageni wanaopanda mlima. Shule niliiacha mapema. Haikuwa na kitu cha kunifundisha, au mimi ndiye sikuwa na masikio, chagueni. Nabeba mzigo ambao nyinyi wa ofisini mngeuangalia tu mkaanza kukohoa. Naufikisha mahali maji yanapogandia chupani, na nikifika napika chai nikipiga mluzi. Siogopi nyati, siogopi radi, siogopi askari. Kinachoniweza mimi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Tutafika hapo.

Mama Kariuki alikuwa jirani yetu, tumetenganishwa na ua wa miti tu. Kariuki wake alikuwa ameshakua, ameenda Thika kutafuta kazi, na mapenzi yaliyobaki mama huyu akanimwagia mimi. Kazi yake ilikuwa kukaanga njugu kwa chumvi, kuzifunga kwenye karatasi na kuziuza kando ya barabara ya Nanyuki. Kwetu ni baridi, njugu hazimei, kwa hiyo alikuwa akizileta kwa gunia kutoka Karatina. Nyumbani hatukuzila. Mama alisema hicho ni chakula cha watu wa safari. Lakini Mama Kariuki mwenyewe alizitafuna kutwa, moja moja, taya ikienda hata akiwa amenyamaza.

Kwetu kuna kitu kinaitwa githemengo. Ni macho ya mtu ambaye akikitazama kitu kizuri na kukisifu, kitu hicho kinaharibika: ndama anakufa, mtoto anavimba. Mtu anaweza kuwa na macho hayo na asijue. Dawa ni moja, mwenyewe akitemee mate kile alichokisifu. Msicheke. Hata nyinyi mliosoma, mtu akisema mtoto wenu ni mnono mnageuka kumwangalia mara ya pili.

Asubuhi moja Mama Kariuki alikuja kuomba kaa la moto. Nilikuwa nimeketi na bakuli langu la uji. Akachukua kijiko changu, akaonja kama uji ni moto sana, akanirudishia kijiko, akamwambia mama, "Huyu kijana anakula vizuri. Angalia vile ako na mashavu." Akachukua kaa lake akaenda.

Uji haukuisha. Midomo ilinivimba ikawa kama ya mtu mwingine, jicho moja likafunga, na mwili wote ukawasha kana kwamba nimebiringishwa kwenye thabai, yale majani yanayowasha. Cucu alitoka nyumbani kwake akinisikia nikilia. Alinigeuza huku na huku. Hakuuliza nimekula nini. Aliuliza ni nani alikuwa hapa.

Mchana nilikuwa nimepona, nafukuza kuku. Lakini baada ya muda ikatokea tena, siku Mama Kariuki aliponipa chai ya kikombe alichokuwa akinywea yeye, na safari hii cucu hakutaka tena kuuliza. Alituma aitwe.

Alikuja akitembea haraka, leso imelegea, akameza alichokuwa akitafuna. Cucu alimweleza bila kupandisha sauti. Nakumbuka Mama Kariuki akisema kwamba ananipenda, na cucu akamjibu kwamba hilo ndilo tatizo. Akaambiwa anitemee. Akanitemea kwenye paji la uso na mashavuni, polepole, machozi yakimtoka, akiniita mwanangu.

"Na mdomoni," cucu akasema. "Ni chakula chake uliangalia."

Akanitemea mdomoni.

Yaliyofuata nayajua kwa vipande. Najua pumzi ilikuwa ikipiga filimbi kifuani. Najua mgongo wa mama ulikuwa ukirukaruka chini yangu, na nyuma yetu Mama Kariuki alikuwa akikimbia naye, viatu mkononi, mpaka cucu akasimama katikati ya njia akamzuia. Kwenye kliniki nilidungwa sindano, na baada ya hapo dunia ikaanza kurudi mahali pake.

Daktari pale alimuuliza mama nimekula nini. Mama akasema sijala kitu, nimetemewa mate tu. Daktari akacheka kidogo. Akamwambia mate hayavimbishi mtu, kuna chakula ambacho mwili wangu unakikataa, na nyumbani kwetu hatuwezi kukijua kwa sababu tunachanganya kila kitu kwenye sufuria moja. Arudi akanipe kimoja kimoja, aangalie.

Kwa nyinyi watu wa kwingine, mukimo wetu ni viazi, mahindi, maharagwe na majani ya malenge, vyote vinachemshwa vikapondwa pamoja mpaka huwezi kusema hiki ni nini. Kuutenganisha ni kama kutenganisha familia. Mama aliutenganisha. Nikala viazi vitupu kwa siku kadhaa, vikanipita salama. Akaongeza maharagwe, akangoja. Akaongeza mahindi. Majani, maziwa, yai. Kila nikila alikaa mbele yangu akinitazama mdomo kama mtu anayechunga maziwa yasichemke yakamwagika. Cucu alikuwa akipita mlangoni akisema kwa sauti ya kusikika kwamba mume wake analishwa kama mfungwa, na mimi niliongeza kulia ili anisikie vizuri.

Sikuvimba. Chakula chote kilirudi kwenye sufuria na sikuvimba. Na wakati wote huo Mama Kariuki alikuwa amekatazwa kuingia kwetu.

Siku mukimo uliporudi, cucu alikula wa kwake akamaliza, akafuta mikono. "Umepika yote," akamwambia mama. "Mtoto yuko sawa. Sasa niambie ni chakula gani."

Mama akaanza kukusanya sahani. Linaloniuma hadi leo ni hili. Kipimo chake kilikuwa kizuri. Kilipima kila kitu kilichokuwa jikoni mwetu, na kitu chenyewe hakikuwa cha jikoni mwetu. Yeye ndiye pekee ambaye hakuamini habari za macho, na kazi yake yote ya uvumilivu ndiyo iliyomhukumu jirani.

Maana habari zilitembea. Watoto walianza kuingizwa ndani Mama Kariuki akipita. Njugu zake zikabaki kwenye karatasi hadi jioni. Kanisani, watu waliposalimiana, mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa shali kabla ya kumpa mkono. Hatimaye alihama. Nilimwona akipita mbele ya geti letu na sufuria yake na gunia, amegeuza uso kabisa upande wa mlima ili asinione. Walisema ameenda kwa dada yake, Kianyaga.

Na mimi nikawa mzima kabisa. Cucu aliniombea, akanenepa kwa furaha, na hakuna mtu Naro Moru ambaye angemwambia amekosea.

Nilikuwa darasa la sita wakati kijana mmoja alipoleta njugu shuleni. Mnanijua. Niliwaambia naweza kurusha njugu juu kuliko paa na kuzidaka kwa mdomo, na nikazidaka. Kabla kengele haijalia nilikuwa kliniki tena, napiga filimbi ile ile. Hakuna aliyekuwa amenisifu. Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniangalia. Daktari alisema nisijaribu njugu tena maishani, hata kwa mchezo, hata punje.

Mama aliniuliza njiani nimekula nini, nikamwambia. Alitembea kidogo halafu akasimama.

"Kijiko," akasema. "Alionja uji na kijiko chako." Akaweka mkono mdomoni. Baadaye, karibu na nyumbani, akasema tena, peke yake, "Na yale mate."

Cucu alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Mama alimweleza yote, kijiko, kikombe, mate, njugu. Cucu hakuinua kichwa.

"Basi macho yake yaliingia kwa njugu," akasema.

Mama alisema tutaenda Kianyaga kumwambia. Si mbali. Hatukuenda. Ilikuwa kila mara ni baada ya mavuno, na baada ya mavuno kulikuwa na kitu kingine.

Mwaka huu nilikuwa natoka Nairobi kununua buti za mtumba, gari likasimama Sagana, nikashuka kunyoosha miguu. Kati ya wauza njugu wa pale nilimtambua Mama Kariuki kwa taya. Amezeeka, kitambaa cha kichwa amekivuta hadi kwenye nyusi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinunua kwake, na nikaona Mama Kariuki anampa njugu, anapokea pesa, anashukuru, na muda wote anaangalia ndani ya sufuria.

Nilimwendea nikamwambia mimi ni Maina wa Naro Moru. Aliangalia viatu vyangu. Basi nikamwambia yote pale pale, mimi ninayejua kusema, na safari hiyo sikuongeza chumvi yoyote.

"Si macho?" akauliza.

"Si macho, mama. Ni njugu. Ilikuwa kijiko tu."

Aliinua uso. Aliniangalia kuanzia buti hadi kichwani, taratibu, kama mtu anayepewa kitu alichokuwa amenyang'anywa. "Umekuwa mwanaume," akasema. "Angalia mabega." Akashtuka kwa kusifu kwake. Akanishika mikono yote miwili kwa mikono yake yenye chumvi na maganda, akalowesha midomo, akainama anitemee kifuani, anibariki kama mzazi.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Mwili ulifanya hivyo kabla kichwa hakijasema. Nikamwambia, "Ni njugu, mama. Ziko mdomoni mwako."

"Ndiyo," akasema. "Ni njugu." Alisema kama unavyomkubalia mtoto ili anyamaze. Na macho yakarudi ndani ya sufuria.

Ilibidi ninawe mikono haraka. Nilinawa kwa maji ya chupa, palepale kando yake, na nilijua anasikia maji yakianguka.

Cucu alikosea; naweza kuliapia hilo kwenye kilele cha mlima. Lakini yeye na mimi tulimfanyia mwanamke yule kitu kimoja. Changu kilikuwa na sababu. Sababu ni kitu nilichopanda nacho kwenye gari, na yeye akabaki Sagana, akiuza njugu bila kumwangalia mtu.