Nilipanga kijiji kwa kamba, mama mkwe akakipindisha

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa shamba.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kama kuna mahali nitaongeza chumvi, nitasema hapo hapo kwamba nimeongeza.

Mnisamehe mwandiko. Mimi ni mzee, simu hii nimejifundisha peke yangu, na uzi huu nimeufuta na kuuandika upya hadi mjukuu wangu akaniambia, "Babu, post tu, hakuna mtu atakuja kuukagua." Yeye hanijui vizuri. Mimi nikiona picha imeinama ukutani, chakula hakishuki.

Nimesoma hapa vijana mkibishana kuhusu kupanga vijiji. Wengine mnataka surveyor aje na mashine zake, mambo yaishe. Wengine mnasema wazee waulizwe kwanza. Mimi niliwahi kuwa surveyor bila kusomea, na bila kumuuliza mtu. Ngojeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, upande wa Elburgon, ukingoni mwa msitu wa Mau. Tulikuwa wafanyakazi wa msitu. Unapanda miche ya serikali, na katikati ya miche unaruhusiwa kulima viazi na kabichi zako. Baridi ya kule, wakuu, asubuhi unaongea na mtu na humwoni kwa ukungu, unaona tu maneno yakitoka.

Mimi nilikuja kutoka pande za Kitale nikiwa kijana, nikamfuata mjomba wangu ambaye hakuwahi kuoa. Darasani sikuingia. Kusoma nilijifunza kwa magunia ya unga, na kupima nilijifunza kwa kuchungulia kiwanda cha mbao. Mafundi wa pale walikuwa na kamba iliyopakwa masizi. Wanaivuta juu ya gogo, wanaiachilia, pap, mstari mweusi umenyooka kama mwale wa jua.

Siku niliyouona ule mstari mara ya kwanza nilisahau nilikuwa nimetumwa chumvi.

Basi nami nikatengeneza kamba yangu. Nikawa napima kila kitu. Mlango wa mjomba niliunyoosha mpaka ukakataa kufungwa. Watu wakaanza kuniita Bwana Mstari, na mimi, badala ya kusikia kwamba nachekwa, nikasikia kwamba nimepandishwa cheo.

Nyumba zetu wakati huo zilikuwa zimetawanyika kwenye mteremko, kila mtu alijenga alipofikia. Hii inaangalia juu, ile imeipa nyingine ubavu, nyingine imejificha nyuma ya kichaka kabisa. Mimi nilikuwa nikipita hapo natazama chini, kwa sababu kule kuvurugika kulinipa maumivu ya kichwa.

Halafu ikaja amri. Zilikuwa zile nyakati za hali ya hatari ya mkoloni, na serikali ilitaka kila mtu ahesabike bila kutafutwa. Nyumba zote zivunjwe, zijengwe upya kwa mistari miwili, milango itazamane, barabara ipite katikati. Mvua ndefu isikute mtu hajamaliza.

Watu walinung'unika. Mimi peke yangu nilifurahi. Nasema ukweli, mniwie radhi.

Nyapara wetu, arap Koech, alikuwa mtu mpana, mpole, aliyependa kazi ifanywe na mtu mwingine. Aliuliza nani anaweza kupima. Kabla hajamaliza nilikuwa nimesimama na kamba mkononi.

Nilipima, nikapigilia vigingi, nikang'oa, nikapigilia tena. Kisha nikawagawia watu viwanja. Nilifuata akili yangu mwenyewe: paa kubwa litazamane na paa kubwa, paa dogo na paa dogo, ili ukisimama juu ya mteremko kijiji kikae kama mizani. Sikumuuliza mtu anataka kukaa wapi. Nilidhani hilo ni swali la watu wasio na kamba.

Ila kuna mahali pamoja niliivunja sheria yangu mwenyewe.

Kulikuwa na msichana anaitwa Nekesa, binti wa mzee Wafula wa kiwandani. Nekesa alikuwa na kicheko cha kuanzia puani, na alikuwa mtu pekee kijijini aliyeniuliza maswali kuhusu kamba. Basi paa lao lilikuwa kubwa na langu lilikuwa dogo kama kofia, lakini niliwapa kiwanja cha mwisho kule chini, mkabala na changu. Mlango kwa mlango. Nilitaka nikifungua macho asubuhi nimwone akifagia.

Mlioshika desturi mmeshaona shimo liko wapi. Mimi sikuliona.

Kijiji kikajengwa kwa offcut, yaani mabaki ya mbao za kiwandani, na paa za nyasi. Kilipokamilika nilipanda juu ya mteremko nikakitazama mpaka macho yakatoka machozi. Hapo nimeongeza chumvi kidogo. Lakini machozi yalikaribia.

Baada ya siku chache nikaanza kuona mambo ya ajabu.

Barabara yangu, pana, safi, haikuwa na watu. Watu walikuwa wanapita nyuma ya nyumba, kwenye matope, wamejikunyata kama wezi wa kuku. Njuguna, jirani yangu wa juu, kila asubuhi alikuwa akikohoa ndani ya nyumba yake, anasubiri, anakohoa tena, kisha anatoka mbio na gunia kichwani limemfunika mpaka mabegani. Siku moja akagonga kigingi changu, akaanguka, na badala ya kuinuka akatambaa.

Nilifikiri ameugua. Nikamwonea huruma, nikakirudisha kigingi mahali pake.

Halafu akatoboa ukuta wa nyuma ya nyumba yake akafanya mlango. Nikaenda kumlalamikia kwamba ameharibu plan.

Njuguna akaniuliza. "Wewe kijana, unajua ni nani anaishi mbele yangu?"

Nikasema ndiyo, ni mama fulani mwenye paa linalolingana na lako.

"Amemzaa mke wangu," akasema, akaingia kwa tundu lake.

Wakuu, pale kijijini tulikuwa watu wa makabila matatu. Tulibishana kuhusu chakula, kuhusu tohara, kuhusu namna ya kuzika. Lakini jambo moja wote tuliafikiana: mtu na mama mkwe wake hawasimami uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Ndiyo heshima. Na zile nyumba za zamani, zilizonipa maumivu ya kichwa, hiki kichaka hapa, ule ubavu pale, zilikuwa zimekaa hivyo kwa sababu hiyo. Kulikuwa na wakwe kila upande. Kijiji kizima kilikuwa kimepangwa, tena vizuri, ila si kwa kamba.

Nilimwendea nyapara mbio, nikamuuliza. Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Arap Koech alijikuna shingo. "Mambo ya mkwe hayazungumzwi mbele ya kijana ambaye hajaoa. Tulisema utaona mwenyewe."

Na kweli nilikuwa nakaribia kuona. Kwa sababu wakati huo huo mjomba alikuwa amepeleka maneno kwa mzee Wafula, na maneno yalikuwa yamepokelewa. Siku wazee walipokubaliana, Nekesa akawa mchumba wangu, na mama yake, bila kusogea hata hatua moja, akawa mama mkwe wangu. Mlango kwa mlango.

Kesho yake nilifungua mlango. Mama Nekesa alikuwa anafungua wake. Tukafunga pamoja.

Nikasubiri. Nikafungua. Naye alikuwa amesubiri kiasi hicho hicho. Tukafunga tena.

Nilichelewa kazini kila siku. Nilijaribu kukohoa kama Njuguna, lakini Mama Nekesa naye alikohoa kuniarifu kwamba anatoka, tukawa tunakoholeana barabara nzima ikisikia. Nekesa alikuwa ndani anacheka kile kicheko cha pua.

Jumapili mzee Wafula alikuja kwangu akipitia nyuma. Hakukaa.

"Mama mkwe wako hajaota jua tangu tuongee," akasema. "Viazi vyake vinaoza shambani. Mimi nakupenda, kijana. Lakini siwezi kumfunga mke wangu ili nimpe mtu binti. Ondoa mstari wako, ama nitamrudishia mjomba wako maneno yake."

Nilishindwa kula. Kusema kweli, na hapa mnaweza kunicheka, niliumia kwa ajili ya vyote viwili. Nilimtaka Nekesa. Na ule mstari nilikuwa nimeupima mimi, mtu ambaye hajaenda shule, na Bwana Forest, mzungu wa idara ya misitu, alikuwa anakuja kuukagua.

Nikatafuta njia ya kuviokoa vyote. Nilipanda miche ya misonobari katikati ya milango yetu iwe pazia. Arap Koech akaja akaitazama, ilikuwa na urefu wa kidole. Akasema ni wazo zuri sana, mama mkwe atatoka nje wajukuu wake wakishaoa.

Nikasema tugeuze milango iangalie nyuma. Wazee wakakataa, nyumba ikimpa jirani mgongo ni kama umemfukuza. Nikasema tusogeze mstari mmoja kando ili mlango uangalie pengo. Chini kulikuwa na mto, juu kulikuwa na miche ya serikali. Hakuna pa kusogea.

Mwisho nikafanya jambo ambalo ningefanya mwanzoni. Nilimwomba nyapara aite mkutano, niulize.

Mkutano wenyewe ulikuwa kazi, kwa sababu wakwe hawawezi kuketi pamoja. Ikabidi wanaume tukae upande huu wa rundo la mbao, na akina mama wakae upande ule, tusionane, na arap Koech asimame mwishoni mwa rundo apokee maneno ya huku na kuyapeleka kule. Yalikuwa yanasikika yote vizuri, lakini aliyarudia hata hivyo, ndiyo adabu.

Nilieleza shida. Nikasema kama watanivumilia, labda tuvunje nyumba moja tu, labda mbili, ili mstari usiumie sana. Nilisema kuhusu mstari kwa muda mrefu kidogo. Nadhani nilitaja mizani.

Hapo sauti ya Mama Nekesa ikatoka nyuma ya mbao. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akinitaja.

"Mwambieni huyo kijana mstari wake ni mzuri," akasema. "Kama anaupenda hivyo, auoe."

Arap Koech akanigeukia ili ayarudie. Hakuweza. Alishika rundo la mbao, mabega yakitikisika, na upande wa akina mama ukalipuka, na upande wetu ukalipuka, na mjomba wangu mwenyewe, bachela yule, akalala chini akicheka.

Nami nikacheka, baada ya muda. Nilikuwa wa mwisho.

Siku iliyofuata niliichukua kamba, lakini safari hii nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza. Nani hawezi kumwona nani? Unatoka saa ngapi kwenda mtoni? Wewe ukiketi nje unaangalia wapi? Nyumba ya mama mkwe tuliirudisha nyuma, ya jirani tukaisogeza mbele imkinge kwa bega lake. Ya Njuguna tukaizungusha kidogo, na tundu lake tukaliziba. Kule chini, kwa ajili yangu, nyumba ya mzee Wafula ilirudi nyuma mpaka barabara ikapinda kama kiwiko. Kila kigingi nilichong'oa kiliniuma. Lakini watu waliimba wakibeba mbao, na ule mstari wa kwanza hakuna aliyewahi kuuimbia.

Bwana Forest akaja. Alisimama mwanzoni mwa barabara, akatazama, akainamisha kichwa, akauliza kwa nini imepinda.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nikiri kila kitu. Arap Koech akanitangulia. "Upepo, Bwana," akasema, bila hata kupepesa macho. "Upepo wa Mau ukipata barabara iliyonyooka unaondoka na paa."

Bwana Forest aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akishuku hivyo tangu zamani. Tulisikia baadaye alikuwa anawashauri watu wa vijiji vingine kuhusu upepo.

Barabara hiyo ipo hadi leo. Juzi juzi walikuja vijana wa county na vyombo vyao, wanataka kuweka lami. Walipofika kwenye kiwiko wakaanza kubahatisha: palikuwa na kinamasi, palikuwa na njia ya ndovu. Mmoja alisema ni mtaro wa vita. Niliwaambia ukweli, wakacheka, kisha yule binti aliyekuwa kiongozi wao akaacha kucheka akauliza wakwe walikaa upande gani. Huyo atakuwa surveyor mzuri.

Niwaeleze tu ya asubuhi ile ya kwanza baada ya kuhamisha nyumba.

Nilifungua mlango wangu polepole. Mbele yangu palikuwa na bega la nyumba ya jirani, na ukungu ukiondoka. Kutoka nyuma ya bega hilo nilisikia kiti cha miguu mitatu kikiwekwa chini, halafu maharagwe yakidondoka ndani ya sufuria, moja moja, bila haraka, na mwanamke akijiimbia kwa sauti ya chini. Jua lilikuwa limefika upande ule.

Sikumwona. Ndipo nilipojua kwamba nimepima sawasawa.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujanyoosha kitu, uliza kilipindishwa na nani na kwa ajili ya nani. Bado napenda mstari ulionyooka. Nekesa, kabla hajatangulia mbele za haki, alikuwa akinikuta nanyoosha vijiko mezani, na ananiachia, kwa sababu vijiko havina wakwe.

Mwenye swali aulize, mwenye kucheka acheke. Na mtuambie, huko kwenu barabara inapinda wapi, na ilipinda kwa heshima ya nani?