Kifuko Kilichofunguliwa Uwanjani

Mdogo wangu alikufa Musienene, alikoolewa, akazikwa kesho yake nyuma ya shamba la maharagwe la mume wake. Mama yetu hakumwona. Yeye anakaa Bunia kwa kaka yetu. Barabara ya kupitia Eringeti watu wanaiogopa kwa sababu ya wenye silaha, na ndege ndogo haziruki kila siku. Habari ilipomfikia, kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Alinipigia simu. Hakulia, alisema tu: "Uniletee mutoto wangu."

Nilijua maana yake. Katika ukoo wetu, mtu akizikwa mbali na mama yake, shangazi humkata nywele kidogo na kucha kabla ya sanduku kufungwa, na kuzishona ndani ya kipande cha kitenge cha marehemu mwenyewe. Kifuko hicho hupelekwa kwa mama, naye hukizika kwake. Mbebaji hakiweki chini. Akiulizwa wako wangapi, anajibu wawili, kwa sababu akisema mmoja amemwacha mwenzake njiani. Wakipita mahali, anamtajia marehemu mahali hapo. Na kifuko hakifunguliwi. Kikifunguliwa kabla ya kufika, marehemu anashuka pale pale, wala hapandi tena.

Mchungaji wetu hapendi mambo haya. Mimi niliishia darasa la sita na sibishani na mchungaji. Ninasema tu nilichosikia mwilini. Kifuko alichokishona shangazi mbele yangu siku ya maziko kilikuwa chepesi kama unga wa kiganja kimoja, nami nilikifunga kifuani chini ya blauzi. Kutoka Musienene mpaka Butembo, ninakokaa, kilikuwa na joto, si joto langu. Na yule wa pikipiki aliyenipandisha, ambaye sikumwambia kitu, aligeuka mara mbili kwenye mlima.

"Mama, muko bangapi huko nyuma?"

"Tuko babili," nilimjibu.

Alicheka, halafu hakugeuka tena mpaka tulipofika.

Uwanja wa ndege wa Beni ni mdogo. Mtu anasimama na orodha mkononi, kila abiria anapanda mizani pamoja na mzigo wake, maana ndege ni ndogo na rubani anataka kujua kilo. Zamu yangu ilipofika, yule wa orodha aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Bangapi?"

"Babili."

Aliandika, kisha akanitazama, akatazama nyuma yangu. "Mwenzako iko wapi?"

Sikuweza kusema mmoja. Uongo sikuwa nao pia.

"Labda alienda kutafuta mandazi," alisema mfanyabiashara mmoja kwenye mstari, na watu wakacheka.

"Mama, avion hii haina kiti ya upepo," alisema yule wa orodha. Lakini hakufuta alichoandika. Alinisogeza kuelekea chumba cha kupekulia wanawake.

Kilikuwa chumba kidogo cha mbao chenye pazia la bluu. Ndani alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa sare na glavu nyembamba. Aliniomba samahani kwanza, kisha akaniambia ninyooshe mikono. Akaanza mabegani, akashuka kwapani, kiunoni, akarudi juu. Alipogusa kifuani alisimama.

"Iko nini hapa, mama?"

"Ni mudogo wangu."

Aliondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Nikamweleza: nywele na kucha, na mama anayengoja Bunia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mama. Nyanya yangu pia alibebwa hivi," alisema. "Hapana ogopa, nitagusa kwa inje tu, halafu utapita."

Nilikitoa, nikakishika mwenyewe, naye akakibonyeza kwa vidole viwili. Kwanza upande mmoja, kisha katikati. Hapo katikati vidole vilikaa.

"Hii ni ngumu. Kucha haiko hivi. Ni nini?"

Ningeweza kusema kifungo cha nguo. Ningeweza kusema jino. Angeniamini, niliona kwamba alitaka kuniamini. Lakini nilimwona shangazi akishona, sikuona alichokitia.

"Sijui," nilisema.

Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nje watu walikuwa wanaongea, lakini sauti zao zilifika kwetu kama zinatoka ng'ambo ya mto.

"Ungesema ni kifungo, ningekuacha," alisema. "Sasa unasema hauijue. Mama, mule mu avion kuko batu. Bao hawatakuuliza uko na nini. Banafikiri mimi nilishauliza."

"Ukikifungua, anashuka hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ndani."

Alitazama kona ya chumba, kisha pazia, kisha tena kona. "Mimi njo nashinda humu siku muzima," alisema kwa sauti ndogo. Aliogopa, na sikumcheka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namletea jambo hilo. Akaniuliza kama amwite mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa mwanaume. Nilimwazia mdogo wangu amelazwa kwenye meza, wanaume wanamchokonoa kwa kalamu.

"Hapana," nilisema. "Nitafungua mimi."

Alibana pazia kwa kibanio cha nguo, akasimama mbele ya upenyo ili mtu wa nje asione hata kidogo. Hilo silisahau. Nilikata uzi kwa meno. Nywele zilikuwa zimejikunja pamoja, kucha zilikuwa juu yake, na katikati, ndani ya karatasi ya daftari, ulikuwa wembe. Ule wembe shangazi aliomkatia. Nywele tatu au nne zilikuwa bado zimeshika pembeni yake. Baadaye shangazi aliniambia kwamba mama yake alimfundisha hivyo: chuma kilichomkata mfu hakibaki kwa walio hai. Hakufikiri juu ya ndege. Hajawahi kupanda ndege.

Pazia lilijaa kwa nje, kama mtu anapopita, kisha likatulia. Kibanio kilikuwa bado mahali pake. Hakukuwa na upepo.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona."

Aliniambia nywele na kucha nizipeleke, wembe haupandi. Sikumlaumu. Hata mimi, kama ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti, wembe usingepanda.

Nilifunga kitenge kwa fundo, nikakirudisha kifuani. Kilikuwa baridi. Kwenye ndege yule wa orodha alituhesabu, akahesabu tena, akafuta kitu kwenye karatasi yake. Kando yangu kiti kilibaki wazi na hakuna aliyekaa. Tulipokuwa juu ya msitu wa Eringeti nilifungua mdomo ili nimtajie mahali tulipo, na sikupata wa kumwambia.

Bunia, nyumbani kwa kaka yetu, uzi na sindano vilikuwa juu ya kabati. Nililala vikinitazama. Asubuhi nikampa Mama kifuko kama kilivyo, bila kukishona tena. Alikipima mkononi.

"Nani alifungua?"

"Mimi."

"Alishukia wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka pazia. Hakunigombeza. Alikizika nyuma ya jiko, akakanyaga udongo, akasema, "Hii ni nywele tu." Siku zilizofuata hakuwa mtu anayeomboleza, alikuwa mtu anayengoja gari.

Mvua zilipopungua alipanda ndege kuja Beni. Aliposhuka alitaka kuingia kwenye kile chumba palepale, wakamwambia kwamba hapo wanaingia wanaoondoka tu. Basi alikuja kwangu Butembo, tukaenda Musienene, akaliona kaburi, akasimama mbali kidogo kama amepelekwa kwa mtu wa wengine. Tuliporudi Beni siku ya safari yake, niliomba nimshike mkono mpaka ndani kwa ajili ya magoti yake, wakaniruhusu.

Mwanamke alikuwa yule yule. Alinijua, akamtazama Mama, akajua pia.

"Ule wembe sikuutia pamoja na vitu tunakamata," alisema. "Niliuzika nyuma ya ukuta. Na asubuhi nikifungua humu, nabisha hodi kwanza."

"Anakujibu?" Mama aliuliza.

"Hapana, mama. Lakini sipendi kuingia bila kubisha."

Mama aliitikia kwa kichwa.

"Wewe mama muzee, upite tu," alisema yule mwanamke. "Sitakusumbua."

Mama hakupita. Alinipa fimbo yake, akanyoosha mikono miwili kama alivyoona wengine wakifanya, akafumba macho.

"Unipekue muzuri," alisema. "Kila mahali ulimugusa huyu, siku mutoto wangu alishuka hapa."

Yule mwanamke alinitazama mimi, kama vile ningeweza kumsaidia. Kisha alivua glavu, akaziweka kwenye kiti, akaanza mabegani.